UZI: Hisa ya duka la mtandaoni ambalo bado linakula hasara, bei yake ni ya haki? Tupige hesabu ya Jumia pamoja

MwekaHesabu_Tudor (mleta uzi)

Assalaam alaykum, na habari za jioni wadau wote.

Chama chetu cha kuweka na kukopeshana hapa Tudor, Mombasa, kina Sh340,000 ambazo zimekaa bure tangu mkopo wa mwisho urudishwe. Jumapili mtoto wa kaka yangu alisimama kikaoni, simu mkononi, akatuonyesha grafu ya Jumia, lile duka la mtandaoni ambalo hisa zake zinauzwa New York. Akasema, "Shangazi, hii mwaka 2021 ilifika karibu dola 70. Sasa, mwishoni mwa 2025, unaipata kwa dola kumi. Si bei ya kutupa hii?" Wengi wakaitikia. Mimi nikaomba wiki mbili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hizi si pesa za mtu mmoja. Humo ndani mna mama wa mahamri, mna fundi cherehani, mna mtu anayeleta Sh200 kila wiki bila kukosa.

Nimeweka vitabu vya maduka kwa miaka 21, mengi yao ya Barabara ya Biashara na Kongowea. Sijafanya kazi soko la hisa. Lakini duka ni duka, liwe na mlango wa mbao au liwe ndani ya simu: kuna kinachoingia, kuna kinachotoka, na kuna siku mwenye nyumba anataka kodi yake. Nimesoma taarifa za mwaka za Jumia hadi macho yakauma. Naleta nilichokiona. Aliye na zaidi yangu aongeze, aliyeona kosa anisahihishe.

Naanza na hiyo dola 70, maana ndiyo iliyotutia tamaa.

Bei ya hisa moja haikwambii kama duka ni rahisi au ghali. Mkate wa sinia ukiukata vipande nane, kipande kina bei yake. Ukiukata kumi na sita, kipande kinashuka bei lakini sinia ni ile ile. Cha kuuliza ni bei ya sinia nzima, yaani bei ya kipande mara idadi ya vipande.

Na vipande vya Jumia vimekuwa vikiongezeka. Walipoingia New York Aprili 2019 waliuza kwa dola 14.50, na siku ya kwanza bei ikafunga juu ya dola 25. Wakati huo vipande vyote vilikuwa kama milioni 78. Desemba 2020 wakauza vingine karibu milioni 8, wakapata kama dola milioni 240. Mwanzoni mwa 2021 wakauza karibu milioni 9, wakapata kama dola milioni 340. Agosti 2024 wakahitaji pesa tena. Safari hii iliwabidi wauze vipande karibu milioni 20 ili wapate takriban dola milioni 100. Sasa vyote vimepita milioni 120.

Hapo kwa 2024 msipapite haraka. Pesa ni chini ya theluthi moja ya zile za 2021, vipande vilivyotoka ni zaidi ya mara mbili. Duka lenye hasara likienda kuomba pesa wakati bei iko chini, anayelipa ni yule aliyekwisha kununua. Aliyeshika sehemu yake tangu 2019, asiuze wala kuongeza, leo sehemu hiyo imebaki chini kidogo ya theluthi mbili. Hakuna aliyemwibia. Uji umetiwa maji tu.

Kwa hiyo kijana wetu anapotaka irudi dola 70, kwa vipande hivi vya sasa anaomba duka zima lithaminiwe zaidi ya dola bilioni 8.5. Mapato ya Jumia ya mwaka mzima wa 2024 yalikuwa dola milioni 167.5. Ni mara hamsini na kitu. Ile 70 tuifute vichwani, haitusaidii kupima chochote.

Nalala. Kesho naleta hesabu ya pesa taslimu.

KijanaWaBamburi

Shikamoo Shangazi. Nashukuru kwa uzi, lakini naona kama hesabu yako imepungua. Mimi nimeona mahali hisa za Jumia ni zaidi ya milioni 240. Ukizidisha kwa dola 10 unapata bilioni 2.4, si bilioni 1.2 inayotoka kwa vipande vyako milioni 120. Au nimekosea?

MwekaHesabu_Tudor

Marahaba mwanangu. Umeona sawa na umezidisha vibaya, na si wewe peke yako, nami nilianguka hapo hapo siku ya kwanza. Jumia ni kampuni iliyosajiliwa Berlin, Ujerumani. Kinachouzwa New York ni hati, na hati moja inabeba hisa mbili za kampuni. Ile dola 10 ni bei ya hati. Basi ama uhesabu hati milioni 120 na ushei kwa dola 10, ama uhesabu hisa milioni 240 na ushei kwa dola 5. Ukichanganya, duka linakuwa ghali mara mbili kwenye karatasi yako.

Mimi natumia hati milioni 122. Kwa dola 10 sinia nzima ni dola bilioni 1.22.

Sasa pesa taslimu. Mwisho wa 2023 walikuwa na takriban dola milioni 120 za kutumia. Ndani ya 2024 wakaingiza zile karibu 100. Kama wasingetumia hata senti, wangekuwa na 220. Mwisho wa 2024 walikuwa na milioni 134. Zimeondoka karibu milioni 86. Baadhi ni gharama za kuuza hizo hisa, baadhi zimeyeyuka kwa sarafu kushuka, lakini zimeondoka. Hasara ya uendeshaji waliyoandika mwaka huo ni milioni 66.

Mnaona tofauti? Mwenye duka anaweza kukuonyesha hasara ndogo huku kabati la pesa linapungua kwa kasi zaidi. Ndiyo maana nikikabidhiwa vitabu vya duka jipya, kabla sijafungua ukurasa wa faida naomba taarifa za benki na za M-Pesa. Nahesabu miezi. Duka lenye milioni 134 linalochoma milioni 86 kwa mwaka lina miezi kama 19 likiendelea mwendo ule ule. Ama lipunguze uchomaji, ama lirudi kuuza vipande.

Na niwe mkweli, wamepunguza. Mwaka 2022 hasara ya uendeshaji ilikuwa zaidi ya dola milioni 200. Mwisho wa mwaka huo akaingia mkuu mpya, Francis Dufay. Mwaka 2023 hasara ikashuka hadi 73, mwaka 2024 hadi 66. Walifunga biashara ya kupeleka chakula mwisho wa 2023, wakatoka Afrika Kusini na Tunisia mwisho wa 2024. Tanzania walikwisha kuondoka tangu Novemba 2019. Mwaka 2025 uongozi ulisema unalenga kutokuwa na hasara robo ya mwisho ya 2026, na faida kwa mwaka mzima wa 2027. Hiyo ni kazi ya kweli, sitaki kuidharau. Kushusha hasara kutoka zaidi ya 200 hadi 73 ndani ya mwaka mmoja si mchezo. Swali langu ni jingine: baada ya kukata mafuta, nyama ipo?

DukaLaLeso

Dada wa Tudor, salaam. Mimi si mtu wa hisa, lakini nimeuza leso kwenye duka moja la mtandaoni miaka mitatu, silitaji jina. Nikupe upande wa muuzaji.

Doti ikiuzwa dukani kwangu, mteja anaishika, anasoma jina, ananilipa, basi. Ikiuzwa mtandaoni, wanakata kamisheni yao, kuna ada ya kushughulikia mzigo, kisha pesa yangu inakuja baada ya siku kadhaa. Sawa, nakubali, wananiletea mteja wa Kitale ambaye nisingempata maisha. Kinachoniumiza ni mzigo kurudi. Mteja mmoja alirudisha doti ikiwa imeshakatwa mapande mawili na upande mmoja umeshapindwa kwa cherehani. Mnajua leso ikishakatwa si doti tena, haiuziki kama mpya. Wao walimrudishia pesa yake siku ile ile, mimi nikakaa mwezi mzima naandikiana nao. Mwisho wakanilipa nusu.

Sasa najiuliza, ile nusu walionilipa waliiandika wapi kwenye vitabu vyao?

Boda_Kisauni

Naongeza upande wa barabarani. Nimebeba mizigo ya maduka ya mtandaoni kama mwaka na nusu. Tunalipwa kwa mzigo uliopokelewa, si kwa mzigo uliobebwa.

Wiki iliyopita nina mizigo tisa. Mmoja ni blenda, Mlaleo, mteja analipa ikifika. Napiga simu saa tatu, anasema njoo. Nafika, hapokei. Namuuliza mwenye kibanda cha mkaa, ananionyesha nyumba. Anatoka dada, anasema aliyeagiza ni mumewe, amekwenda kazini bandarini na hakuacha pesa, nirudi jioni. Jioni narudi, mume anaifungua boksi, anaichomeka kwa jirani kwa sababu kwake tokeni zimeisha, inazunguka vizuri, kisha anasema rangi aliyoiona kwenye simu haikuwa hii. Blenda imerudi stoo. Mafuta yangu mara mbili, simu nne, boksi limechanika. Kampuni haikupata hata shilingi, na bado blenda ile kuna mtu aliileta kutoka Nairobi na kuna mtu ataipanga tena rafuni.

Katika tisa, siku hiyo saba zilipokelewa. Siku nzuri ni tisa kwa tisa. Siku ya mwisho wa mwezi huwa nzuri, katikati ya mwezi watu hawana pesa.

Vituo vya kuchukulia mizigo ni afadhali sana. Mteja anakuja mwenyewe, mizigo thelathini inashushwa pahala pamoja. Mimi kazi inapungua lakini nasema ukweli.

MwekaHesabu_Tudor

Dada wa leso na ndugu yangu wa Kisauni, mmeniandikia kile ambacho kurasa mia mbili za taarifa zinakificha. Mwenyezi Mungu awabariki.

Huyo mume wa Mlaleo nitamrudia, kwanza tuone pesa ya duka inaingiaje. Jumia mwaka 2024 waliuza bidhaa zenye thamani ya dola milioni 720 hivi kwa jumla. Mapato yao ni 167.5. Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Kwa sababu bidhaa nyingi si zao. Ni za watu kama dada wa leso. Duka linachukua kamisheni na ada, na hizo ndizo mapato. Ila kuna bidhaa nyingine duka linanunua lenyewe na kuuza, na hapo bei yote ya bidhaa inaingia kwenye mapato. Kwa hiyo shilingi mia ya mapato ya kamisheni na shilingi mia ya mapato ya kuuza friji si sawa. Ya kamisheni karibu yote ni yako kabla ya gharama za kusafirisha. Ya friji, kubwa yake unamrudishia mwenye friji. Mtu akikwambia "duka hili linauzwa mara sita ya mapato yake," muulize mapato ya namna gani.

Watu wa pwani tunaijua biashara ya mali kauli. Unachukua mzigo kwa mwenye stoo kwa neno lako, unauza, ndipo unamlipa. Mtaji ni wa mwingine, wewe unaleta mteja na uaminifu. Duka la mtandaoni lililo zuri ni mali kauli kubwa: mteja amelipa leo, mwenye mali analipwa baada ya siku kadhaa, na katikati pesa imekaa kwako. Kadiri unavyokua ndivyo pesa iliyokaa kwako inavyoongezeka. Hii ndiyo sababu duka kama hilo linaweza kukua bila kukopa. Lakini inategemea mteja alipe mapema. Akisema atalipa mzigo ukifika, na akaukataa mlangoni, mali kauli imekufa. Umebaki na nauli.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza kabla hata ya kufika kwenye bei ni mzigo mmoja. Kamisheni na ada na tangazo la muuzaji, toa usafiri, toa stoo, toa ada ya malipo, toa mizigo iliyorudi. Kikibaki kitu, basi ukubwa ni dawa: ongeza mizigo, kodi ya ofisi na mishahara ya mafundi wa programu itagawanyika kwa wengi. Kisipobaki, ukubwa ni sumu, unaongeza hasara kwa mwendo wa kasi. Jumia kwa miaka ya karibuni, kwa ninavyosoma, mzigo mmoja umeanza kuacha kitu. Kinachowaangusha bado ni gharama za juu: matangazo, mafundi, utawala.

Jambo la kuangalia hapo, na hili naomba mlisome pole pole. Kampuni hizi hupenda kutoa namba ya "hasara iliyorekebishwa". Wanaondoa, pamoja na vingine, hisa wanazowapa wafanyakazi kama sehemu ya malipo. Wanasema haikutoka pesa. Kweli, pesa haikutoka. Vimetoka vipande vya sinia yako. Mimi nairudisha hiyo gharama kila mara.

Mswahili_Berlin

Salaam kutoka baridi. Shangazi, nakuheshimu, lakini kwa hesabu hizi usingenunua Amazon kamwe. Amazon waliingia sokoni Mei 1997 kwa dola 18, wakala hasara miaka na miaka. Mwaka 2000 peke yake hasara ilikuwa dola bilioni 1.4. Waweka hesabu wote walisema wataanguka. Leo waliovumilia wako wapi? Kuna biashara ambazo ukisubiri faida ionekane, umechelewa.

MwekaHesabu_Tudor

Ndugu yangu wa Berlin, nakushukuru kwa kuleta hili, maana ndilo linalonunulisha watu wengi. Nimelichimba.

Mwaka huo 2000 Amazon waliuza bidhaa za dola bilioni 2.76. Faida yao ya kwanza ya robo mwaka ilikuja mwisho wa 2001, dola milioni 5 tu, na faida ya kwanza ya mwaka mzima ilikuja 2003. Sasa angalia walivyovuka. Februari 2000 walikopa euro milioni 690 kwa bondi, yaani karatasi za mkopo. Mwezi uliofuata soko la hisa za intaneti lilifika kileleni likaanza kuanguka. Wangechelewa miezi michache sidhani kama wangepata mkopo ule kwa masharti yale. Na walikuwa na ile mali kauli: wateja wanalipa kwa kadi kabla mzigo haujatoka, wachapishaji wa vitabu wanalipwa baadaye. Hasara ilikuwa kubwa lakini pesa ilikuwa ikizunguka upande wao.

Na hata hivyo, hisa yao ilishuka zaidi ya asilimia 90 kutoka kilele cha Desemba 1999 hadi 2001. Duka lilikuwa sahihi na bei ilikuwa ya makosa kwa wakati mmoja. Aliyenunua kileleni alisubiri takriban miaka kumi kurudisha pesa yake, na hapo amenunua bora kuliko wote.

Wenzake wa darasa lile je? Pets.com waliingia sokoni Februari 2000 kwa dola 11, Novemba mwaka huo huo wakafunga. Webvan, wa kupeleka vyakula nyumbani, Julai 2001 wakafilisika. Nao walisema wanakua, nao walisema subirini. Hapa kwetu Copia, waliokusanya zaidi ya dola milioni 100 kwa wawekezaji na kuwafikia watu wa vijijini kupitia mawakala wa madukani, Mei 2024 waliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Sikatai mfano wa Amazon. Nasema tukiutumia, tuwahesabu na waliozama, kama baharia anavyohesabu majahazi yote yaliyotoka bandarini, si lile lililorudi na mzigo.

KijanaWaBamburi

Shangazi, basi tufike kwenye namba. Dola 10 ni haki au si haki?

MwekaHesabu_Tudor

Twende. Badala ya kubashiri duka litapata nini, naichukua bei nilioonyeshwa na kuiuliza: wewe unadai nini?

Sinia nzima dola milioni 1,220. Toa pesa taslimu 134, unabaki na 1,086. Hiyo ndiyo bei ya biashara yenyewe, karibu mara sita na nusu ya mapato ya 2024.

Mimi nataka asilimia 15 kwa mwaka kwa dola, kwa miaka mitano. Msinione mroho. Februari 2024 serikali yetu ilitoa bondi ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 bila kodi, na ile ni serikali, kwa shilingi. Kuitia pesa kampuni yenye hasara, iliyotawanyika nchi kadhaa, na nyuma yake hakuna dhamana, 15 ni kiasi. Dola 10 ikikua hivyo inakuwa dola 20 mwaka wa tano. Nachukulia vipande vitaongezeka kidogo, vifike milioni 140. Basi sinia lazima iwe na thamani ya dola bilioni 2.8. Soko likiwa na furaha na kulilipia duka mara 20 ya faida yake, faida hiyo iwe milioni 140 kwa mwaka. Kati ya kila dola mia ya mapato, wabakize kumi, ambayo kwa duka ni nyingi sana. Basi mapato yawe bilioni 1.4.

Kutoka 167.5 hadi 1,400 kwa miaka mitano. Ni kukua asilimia 53 kila mwaka, bila kupumzika. Mapato yao ya 2024 yalikuwa madogo kuliko ya 2023, yalitoka 186 yakaja 167.5.

Kwa dola 5 hesabu ile ile inadai faida ya milioni 70 na mapato ya milioni 700, kukua asilimia 33. Ngumu, lakini si ndoto. Kwa dola 4 inadai kama asilimia 27. Mimi hapo ndipo ningeanza kukaa vizuri kitini.

Baharia_Kilindini

Naomba nitofautiane kidogo. Mimi nilinunua Aprili 2025 ilipokuwa chini ya dola 2. Kila mtu aliniambia nimechanganyikiwa. Kabla mwaka haujaisha ikapita 10. Hizi hesabu zako zingenizuia?

Pili, huko kushuka kwa mapato ni sarafu. Naira iliachiwa Juni 2023 ikiwa kama 460 kwa dola, mwanzoni mwa 2024 imepita 1,400. Pauni ya Misri Machi 2024 ilitoka 31 ikaenda karibu 50. Duka linauza simu nyingi zaidi Lagos na bado kwa dola linaonekana limepungua.

MwekaHesabu_Tudor

Ndugu Baharia, hongera, na nasema kwa dhati. La pili naanza nalo kwa sababu uko sahihi. Kwa fedha za nchi zenyewe mapato ya 2024 yalikua. Biashara iko hai kuliko namba ya dola inavyoonyesha. Lakini sisi tutalipwa kwa dola, na waliokopesha mitambo na programu wanalipwa kwa dola. Naira ikishuka tena, mapato ya Nigeria yatashuka tena yakifika Berlin. Sioni njia ya kuiweka pembeni kana kwamba ni mvua iliyopita. Na sisi tuna mlango mwingine: shilingi. Januari 2024 dola ilikuwa kama Sh160, miezi michache baadaye ikawa Sh130. Aliyenunua dola wakati ule alipoteza karibu moja ya tano kabla hisa yake haijasogea.

La kwanza sasa. Hesabu zangu zisingekuzuia, zingekusukuma. Kwa dola 2 sinia nzima ni milioni 244. Toa pesa taslimu za mwisho wa 2024, inabaki milioni 110. Duka lenye mapato ya 167.5, stoo, waendesha boda na wateja katika nchi hizi zote, limewekwa sokoni kwa theluthi mbili ya mapato ya mwaka mmoja. Kufa lingeweza kufa, lakini ulikuwa umelipwa kwa kubeba hatari hiyo. Duka hilo hilo, mwaka huo huo, kwa dola 10 linauzwa kama mara sita na nusu. Ulichonunua wewe na anachotaka kununua mtoto wa kaka yangu ni vitu viwili tofauti, ingawa jina ni moja.

Niliwahi kununua, miaka ya nyuma, hisa za kampuni moja ya maduka iliyoorodheshwa Nairobi. Nilinunua hisa za nyongeza kwa sababu bei ilikuwa chini kuliko mwaka uliotangulia, na rafu zilikuwa zimejaa nilipopita Jumamosi. Sikuuliza wauzaji wa maziwa na mkate wanadai kiasi gani. Walikuwa wanadai miezi. Rafu zilijaa kwa mali kauli ambayo haikuwa inalipwa. Ilikuwa ada ya shule ya mwanangu ya muhula mzima. Tangu hapo naangalia kwenye taarifa mstari wa madeni ya wauzaji kabla ya mstari wa mauzo.

DukaLaLeso

Nami nikuulize hilo hilo. Wauzaji tukianza kulipwa baada ya siku kumi na nne badala ya saba, si ndiyo dalili?

MwekaHesabu_Tudor

Ndiyo hasa, dada. Wewe utaijua kabla ya New York. Ukiona siku zinaongezeka, tafadhali rudi kwenye uzi huu uandike.

Mswahili_Berlin

Nimekubali kuhusu waliozama. Sijakubali kuhusu asilimia 15. Kwangu huku asilimia 9 inanitosha, na kwa 9 dola 10 haionekani mbaya hivyo.

MwekaHesabu_Tudor

Sawa kabisa, na usinifuate mimi. Kwa 9, mwaka wa tano unataka dola 15 na ushei, mapato yafike kama bilioni 1.08, kukua asilimia 45. Imepungua, bado mlima. Lakini ni kweli kwamba bei ya haki ya mtu wa Berlin na ya mama wa mahamri wa Tudor si moja. Yeye Sh200 zake akiziweka kwenye bondi anajua atakachopata.

Taarifa ya kikao, kwa waliouliza. Tumekutana jana baada ya alasiri. Nilichora sinia ubaoni na watu wakaelewa kuliko nilivyotarajia. Fundi cherehani aliuliza swali bora kuliko yote: "Wakiuza vipande vingine mwakani, sisi tutaulizwa?" Nikamjibu hapana. Sh300,000 zimekwenda kwenye bondi ya serikali. Sh40,000 tumemwachia mtoto wa kaka yangu azishike, anunue bei ikishuka dola 4 au chini yake, na kwa sharti moja: kila robo mwaka taarifa ikitoka, atatuandikia kwenye daftari la chama namba tatu, pesa taslimu iliyobaki, idadi ya hati, na mapato kwa fedha za nchi zenyewe. Amekwisha piga mistari ukurasa wa kwanza kwa rula.

Boda_Kisauni

Leo kumi na moja, zimepokelewa kumi. Moja ya Shanzu imerudi.